Lita Ishirini Zitimie: Mwongozo wa Kupima Mafuta Kisheria Nairobi, Kwenye Pampu na Kwenye Lori

Kwa miaka tisa nilisimamia kituo cha mafuta huku Eastlands, na lalamiko nililolisikia kuliko yote ni hili: "Nimeweka ya elfu moja na mshale haujasonga." Aliyelalamika hakuwa na namna ya kuthibitisha. Mimi nami nilikuwa na namna moja tu ya kumjibu: kutoa kipimo cha chuma cha lita 20, kukiweka chini mbele ya macho yake na kupima. Mshale wa dashibodi hauna uzito wowote mbele ya sheria. Kipimo chenye mhuri wa serikali kinao. Mambo yote nitakayoeleza hapa, uwe mteja, dereva wa matatu, mwenye kituo au msimamizi wa jengo lenye jenereta, yanarudi kwenye kipimo hicho na mhuri huo.

Jua kwanza nani anasimamia nini

Watu wengi hupeleka malalamiko ofisi isiyohusika, wakizungushwa wanakata tamaa. Sheria inayolinda kiasi cha mafuta ni Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya sheria za Kenya. Chini yake, kifaa chochote kinachotumika kuuzia bidhaa, kuanzia mizani ya muuza nyanya Marikiti hadi pampu ya petroli, lazima kikaguliwe na kupigwa mhuri na afisa wa mizani, na ukaguzi huo hurudiwa kila mwaka. Kumpa mteja pungufu ya kiasi alicholipia ni kosa la jinai. Maafisa wa mizani wako ngazi mbili, Kaunti ya Nairobi na idara ya kitaifa iliyo chini ya wizara ya biashara. Wana mamlaka ya kuingia kituoni, kupima, na kukizuia kifaa kibovu kisitumike.

Bei ni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, yenye ofisi Upper Hill. Kila tarehe 14 ya mwezi inatangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hiyo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kituo kinaweza kuuza chini ya bei hiyo, juu yake hakiruhusiwi. Ubora, yaani mafuta kuchanganywa na mafuta ya taa au maji, pia hufuatiliwa na EPRA, kwa viwango vinavyowekwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kwa hiyo gari likizima njiani kwa sababu ya mafuta machafu, nenda EPRA. Lita zikipungua, nenda kwa watu wa mizani.

Kabla nozeli haijaingia tangini

Shuka garini. Najua asubuhi kuna haraka na nyuma yako watu wanapiga honi, lakini aliyeketi ndani hawezi kuona kioo cha pampu.

Tazama kwanza sili. Sehemu ya pampu inayorekebisha kipimo hufungwa kwa waya mwembamba uliobanwa kwa kipande cha madini ya risasi chenye alama ya afisa. Sili hiyo mara nyingi iko ndani ya mlango wa pampu, hivyo huenda usiione ukiwa nje, lakini cheti cha ukaguzi unaweza kukiuliza ofisini. Soma tarehe yake na nambari ya pampu iliyoandikwa, ulinganishe na pampu uliyosimama mbele yake. Kituo chenye pampu sita na vyeti vinne kina maswali ya kujibu.

Kisha hakikisha kioo kinasoma sifuri pande zote mbili, shilingi na lita, na kwamba bei kwa lita ni ile iliyo kwenye bango. Nozeli inapofunguliwa, tarakimu zisiruke kabla mafuta hayajaanza kutoka. Zikiruka kidogo kila mara, huenda vali ya ndani imechoka na paipu inarudisha mafuta chini pampu inapolala. Mteja wa kwanza baada ya mapumziko ndiye anayelipia paipu kujaa upya. Hiyo si lazima iwe hila, bali hasara yako ni ile ile.

Fanya hesabu kichwani. Tuseme lita ni shilingi 180. Elfu moja inakupa lita 5.55, mia tano inakupa 2.77. Kioo kikionyesha shilingi 1,000 na lita pungufu ya hapo, bei iliyowekwa kwenye pampu siyo iliyo kwenye bango. Chukua risiti. Bila risiti yenye tarehe, saa na nambari ya pampu, malalamiko yako yatakuwa maneno matupu.

Ukishuku: kupima kwa kipimo cha lita 20

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu hata wahudumu wengi hukosea, na kipimo kikitumiwa vibaya kinaweza kumtia hatiani asiye na kosa au kumficha mwizi.

Dumu la plastiki si kipimo. Dumu linaloitwa la lita 20 kwa kawaida hubeba zaidi ya lita 20 likijazwa hadi mdomoni, tena plastiki hutanuka. Vivyo hivyo tangi la gari. Kitabu cha gari kikisema lita 45, hiyo ni namba ya makadirio, na shingo ya tangi na nafasi ya juu vinaweza kumeza lita kadhaa zaidi. Nimeona watu wakishikana mashati kwa sababu "tangi la 45 limechukua 47." Pampu ilipopimwa ikakutwa sawa.

Kipimo chenyewe ni chombo cha chuma chenye shingo nyembamba na kioo kilichochorwa mistari ya mililita juu na chini ya alama ya lita 20. Omba kwa heshima: "Mkubwa, naomba tupime lita ishirini kwenye kipimo." Kituo kinachojiheshimu hakikatai.

Anza kwa kukikagua kipimo. Kina mhuri wa afisa wa mizani? Kimebonyea? Ukikuta kimebonyea, kikatae. Chombo kilichobonyea kimepungua nafasi ya ndani, kwa hiyo lita 19.8 zitafika kwenye alama ya 20 na utaambiwa umetimiziwa.

Kiweke mahali tambarare. Jaza mara ya kwanza, usisome chochote, mwaga mafuta yale yarudi tangini, na baada ya mkondo kukatika kiinamishe chombo kichuruzike kwa sekunde 30. Mzunguko huu wa kwanza ndio wengi wanaouruka. Chuma kikavu hubaki na utando wa mafuta ukutani, na vipimo hivi hutengenezwa vikihesabiwa kuwa tayari vimelowa. Ukipima kwenye chombo kikavu, pampu isiyo na kosa itaonekana inaiba.

Sasa rudisha pampu kwenye sifuri. Agiza kwa lita, usiagize kwa shilingi: lita 20 kamili, kasi ya juu. Subiri povu litulie, inama hadi jicho liwe usawa mmoja na uso wa mafuta, usome. Churuzisha tena sekunde 30, rudia kwa kasi ndogo, kwa sababu pampu nyingine ni nzuri mafuta yakitoka kwa nguvu na ni mbaya yakitoka taratibu. Mara tatu zinatosha kukupa picha ya kweli.

Je, upungufu kiasi gani unavumilika? Kipimo cha kimataifa, kilicho katika pendekezo R 117 la OIML, shirika la vipimo vya kisheria lenye makao Paris, ni nusu asilimia juu au chini kwa pampu za magari. Kwa lita 20 hiyo ni mililita 100. Kwa bei ya shilingi 180, ni shilingi 18. Kukosea kwa kiasi hicho ni tabia ya mashine. Ila pampu zote za kituo zikiwa zimeegemea upande mmoja, zote pungufu kwa mililita 90, mimi naona huo ni mkono wa mtu hata kama kila moja peke yake iko ndani ya mpaka.

Linganisha na pampu inayopunja asilimia 3. Kwenye lita 20 inakula mililita 600. Dereva wa matatu anayeweka lita 60 kwa siku anapoteza lita 1.8, shilingi 324. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 8,424, na pesa hiyo inatoka kwenye hesabu ya mtu ambaye bado ana tajiri wa kumpelekea na kondakta wa kumlipa.

Mafuta ya kupimia yakisharudishwa tangini, mwenye kituo aandike lita hizo kwenye daftari. Mita ya jumla, ile inayojumlisha lita zote zilizotoka kwenye pampu, imeyahesabu kama mauzo, na usipoyaandika, jioni utamdai mhudumu pesa ambazo hakuzipokea.

Jambo moja kwa wenye vituo, kwa sababu wengi hawalijui: mita ya pistoni iliyo ndani ya pampu inapochakaa, mafuta hupenya pembeni bila kuhesabiwa. Yaani uzee wa pampu kwa kawaida humpa mteja ziada na kukutia wewe hasara. Pima kila asubuhi kwa faida yako pia. Lakini ukikuta kosa, usifungue sili wala usimwite fundi wa mtaani. Anayeruhusiwa kurekebisha ni fundi mwenye leseni ya idara ya mizani, na sili ikishakatwa, pampu hiyo haiuzi hata lita moja hadi afisa aje aipime na kuipiga mhuri upya.

Ya mia mbili na ya robo

Ndugu zetu wa bodaboda hununua ya mia mbili, lita moja na kidogo. Tafuta kwenye uso wa pampu maandishi madogo yanayotaja kiasi cha chini kabisa cha kuuza, mara nyingi lita 2 au 5. Maana yake ni kwamba usahihi wa pampu haujathibitishwa chini ya hapo. Hata kwenye kiasi hicho chenyewe, kosa linaloruhusiwa na R 117 ni mara mbili ya kawaida, asilimia moja. Ukiweza, kusanya ununue lita tatu kwa mpigo mmoja badala ya kuingia kituoni mara tatu.

Mafuta ya taa ya kibandani, kwa robo na nusu lita, yako chini ya sheria ile ile. Kikombe cha kupimia lazima kiwe na mhuri. Chupa ya soda iliyokatwa si kipimo halali, hata muuzaji akiwa jirani mwema.

Lori linapofika kituoni

Mwaka wangu wa kwanza kazini lori lilifika usiku, mvua inanyesha. Nilitia sahihi chini ya mwavuli bila kupanda juu. Asubuhi dipu, yaani kupima kimo cha mafuta tangini kwa kijiti, ikaonyesha lita karibu 300 hazipo, na zikakatwa kwenye mshahara wangu. Baadaye nilielewa kilichotokea: lori liliegeshwa mahali penye mteremko, mafuta yakabaki upande wa nyuma wa chumba kimoja cha tangi lake yakaondoka nalo. Tangu siku hiyo sikupokea mzigo kwa njia nyingine ila hii.

Dipu tangi lako la ardhini kabla ya yote na uandike kimo na lita. Tumia pia dawa ya kugundua maji, ile inayobadilika rangi ikipakwa ncha ya kijiti. Hakikisha tangi lina nafasi ya mzigo wote, kisha funga pampu zinazovuta kutoka tangi hilo. Ukiuza huku unapokea, hesabu imeharibika.

Lori lisimame tambarare, injini izimwe, waya wa kuondoa umeme tuli uunganishwe. Liache litulie dakika kumi au kumi na tano. Wakati huo soma karatasi za mzigo kutoka bohari. Linganisha nambari za sili, za mifuniko ya juu na za vali za chini, tarakimu kwa tarakimu. Omba cheti cha upimaji wa lori. Tangi la lori nalo ni kifaa cha kupimia, lina cheti cha idara ya mizani na jedwali linaloeleza kila chumba kina lita ngapi kwa kila kimo cha dipu. Nambari ya usajili kwenye cheti iwe ya tangi lililo mbele yako.

Sasa panda, au mpandishe mtu unayemwamini, na dereva awe pamoja nawe. Fungua chumba kimoja kimoja, dipu, pima maji, pima joto, andika. Pungufu lolote liandikwe kwenye karatasi ya mzigo kabla hata tone moja halijateremshwa, na dereva atie sahihi kando yake. Mafuta yakishaingia ardhini yamechanganyika na yako, na hakuna afisa atakayeweza kuyatenganisha.

Mzigo ukiisha, panda tena uchungulie kila chumba kwa tochi isiyotoa cheche. Si simu. Chumba kikavu ni kikavu, na ukiona kidimbwi, lori lisogezwe liinamie upande wa vali. Subiri nusu saa, dipu tangi la ardhini, toa namba ya kwanza kwenye ya pili.

Kisingizio cha joto

Ukilalamika utaambiwa, "Ni joto, mafuta yamejikunja." Ni kweli kwamba mafuta hujikunja yakipoa, lakini kwa kiasi kinachojulikana. Petroli hupungua takriban asilimia 0.12 kwa kila digrii moja ya selsiasi, dizeli takriban 0.08. Lita 10,000 za petroli zikipoa kwa digrii 10 hupungua lita 120 hivi. Dizeli hupungua karibu 80.

Basi piga hesabu. Karatasi inasema lita 10,000 za petroli zilipakiwa kwa digrii 27, nawe umepima 24 zikiwa bado juu ya lori. Tofauti ya digrii 3 inaeleza lita 36. Ukikosa 120, lita 84 hazina maelezo, na hilo ndilo la kuandika. Na usikubali joto litumike kueleza upungufu unaoonekana mara tu baada ya kuteremsha. Mafuta ya moto yakichanganyika na ya baridi, moja hupoa na jingine hupata joto, ujazo wa jumla haubadiliki kwa kiasi cha kusema. Kujikunja hasa huja siku zinazofuata, udongo unapoyapoza taratibu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuweka mafuta alfajiri ili upate "mazito" hakukufaidishi kitu. Tangi liko chini ya ardhi, joto lake hubadilika kidogo sana kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana.

Hesabu ya kila siku

Dipu ya asubuhi, ongeza uliyopokea, toa mauzo ya mita ya jumla, rudisha lita za kupimia. Linganisha na dipu ya jioni. Tofauti ndogo ya leo isikusumbue, kwani petroli huvukiza na mkono hutetemeka kwenye kijiti. Kinachosema ukweli ni mwelekeo. Pungufu kila siku hata siku ambazo hujauza sana: shuku tangi linavuja, na hilo ni hatari kwa visima vya jirani kabla ya kuwa hasara yako. Pungufu linaloongezeka na mauzo: pampu inatoa ziada. Ziada inayoongezeka na mauzo: wateja wako wanapunjwa, ita afisa kabla hawajamwita wao.

Dizeli ya kuletewa jengoni

Majengo ya Westlands na Kilimani hujaza jenereta kwa lori lenye mita yake. Mita hiyo pia lazima iwe na mhuri na cheti cha mwaka. Tazama ianze kwenye sifuri, paipu ikiwa imejaa tangu mwanzo na ibaki imejaa mwisho. Chukua karatasi inayochapwa na mita yenyewe, yenye nambari ya mfululizo, usikubali iliyoandikwa kwa mkono. Dipu tangi la jenereta kabla na baada, japo kwa rula ya mbao, ili mlinzi wa usiku asije akaulizwa peke yake.

Namna ya kulalamika ikasikika

Andika kituo na barabara, nambari ya pampu, tarehe na saa, lita zilizoonyeshwa, matokeo ya kila jaribio la kipimo, na jina la aliyeshuhudia. Ambatisha risiti na picha ya kioo, ila picha upige ukiwa mbali na nozeli na tangi lililo wazi. Peleka siku hiyo hiyo kwa afisa wa mizani wa kaunti, maana pampu inaweza kurekebishwa usiku mmoja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya fidia kwa hasara. Kitaje kwenye barua.

Afisa akija na vipimo vyake na pampu ikapita, ulizia matokeo kwa maandishi, kisha mpelekee fundi gari lako aangalie bomba la mafuta na kile kielea ndani ya tangi kinachosukuma mshale. Mara mbili katika miaka yangu kituoni, mteja aliyeapa kwamba tumemwibia alirudi wiki iliyofuata akiwa ameshika kielea kilichotoboka mkononi.